Bandeji ya wavu kwa kidonda cha kiwiko: uzoefu wangu

Mama yangu aliungua akichoma korosho. Sisi wa Mtwara tunayajua mafuta ya ganda la korosho: yana asidi kali, na yakikurukia yanababua ngozi. Yeye yalimpata kiwikoni, mahali pagumu kweli kufunga kidonda. Bandeji ya kuzungusha iliteremka kila alipokunja mkono. Plasta haikushika kwa jasho la huku kwetu, na ikishika, siku ya kuibandua inaondoka na ngozi. Mama ni mtu mzima, ngozi yake imeshakuwa nyembamba. Iliniuma kumwona anavyokaza meno.

Nesi aliyekuwa akimsafisha kidonda ndiye aliyetushauri tutafute bandeji ya wavu. Ni kama soksi ndefu iliyotobolewa mwisho, imefumwa kwa nyuzi zinazovutika, ina matundu makubwa yanayopitisha hewa. Unakata kipande unachotaka na hakifumuki. Gozi, yaani kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, ikishakaa mahali pake, unaingiza vidole vya mikono yote miwili ndani ya wavu, unautanua, unaupitisha kuanzia kiganjani, ukifika juu ya gozi unauachia taratibu. Usiuburute, utaihamisha gozi. Na ukate kirefu kuzidi gozi, kwa sababu wavu ukitanuka unafupika.

Siku hiyohiyo mama alikaa kwenye mbuzi akakuna nazi, mkono unakunjwa na kukunjuliwa, gozi iko palepale. Hapo ndipo nilipoikubali. Kubadilisha nako kumekuwa kwepesi: unavua wavu, unaondoa gozi, basi. Wavu tunaufua kwa sabuni, unaanikwa kivulini, unarudi kazini. Gozi ni mpya kila mara.

Ila mjue kazi yake ni kushikilia tu. Haizuii damu, haifai kwa mguu ulioteguka, na haigusishwi kidonda kitupu. Saizi ni jambo kubwa: ya kidole, ya mkono, ya paja na ya kichwa ni tofauti. Vidole vikivimba, vikipoa au vikifa ganzi, ivue mara moja, inabana. Nyingine zina mpira wa lateksi, kwa hiyo mwenye mzio asome pakiti kwanza.

Malalamiko yangu ni kwa maduka ya dawa. Nililopata mimi lilikuwa na saizi moja tu, na wanakukatia kipande bila kukuonyesha pakiti. Mwenye mzio atajuaje? Tuleteeni saizi zote, na pakiti iwe mezani mteja aisome.