Ndege ya kwanza ya balsa: ununue ipi, na uipe nguvu gani

Wengi huingia kwenye mchezo huu wa kurusha ndege ndogo za modeli kwa rimoti kupitia picha iliyo juu ya boksi. Mtu anaiona Spitfire na rangi zake za vita, moyo unamdunda, anailipia papo hapo. Rimoti ataitafuta baadaye, na chaja anaona yoyote itafaa. Ushauri wangu ni wa kinyumenyume: ndege iwe kitu cha mwisho kununua. Ndege ya kwanza itavunjika, na wala simtakii mtu mabaya kwa kusema hivyo. Rimoti, chaja na mota huokotwa kwenye mabaki, vikahamia kwenye ndege ya pili, ya tatu, hata ya kumi. Pesa nzito iende huko.

Kwa nini balsa, wakati zipo ndege za povu gumu zinazovumilia zaidi kugonga ardhi? Kwa sababu ya uzito na kwa sababu ya gundi. Balsa ni mti wa Amerika ya Kati na Kusini, na mbao zake nyingi zinazouzwa duniani hutoka Ekwado. Mita moja ya ujazo ya mbao zinazotumika kwenye modeli huwa na kilo 100 hadi 200 tu, ilhali maji ya ujazo huohuo ni kilo 1,000. Ikivunjika, mara nyingi hupasuka kwa kufuata nyuzi zake, vipande vikarudishana kama vigae vya kikombe. Ukiwa na supa gluu na msasa, jioni hiyohiyo umemaliza.

Ndege zenyewe, kuanzia ninayoipendekeza zaidi

Namba moja ni ndege ya mafunzo iliyounganishwa nusu, yenye bawa la juu, urefu wa mita 1.2 hadi 1.6 kutoka ncha hadi ncha. Kwenye boksi utaona herufi ARF, yaani karibu tayari kuruka. Mbao zimeshaunganishwa na kufunikwa plastiki inayogandishwa kwa pasi. Kazi inayobaki ni kuunga bawa, kufunga mkia, mota, sevo (vimota vidogo vya kusogeza vibao vya bawa na mkia) na magurudumu. Hesabu jioni nne au tano zisizo na haraka. Bawa likiwa juu, uzito wa kiwiliwili unaning'inia chini yake. Ncha zikiwa zimeinuka kidogo, ndege iliyolala ubavu hujirudisha yenyewe ukiachia vijiti. Tazama pia tumbo la bawa. Likiwa bapa, ndege itaruka polepole bila kulalamika, na mwanafunzi anahitaji muda wa kufikiri kuliko anavyohitaji kitu kingine chochote.

Usiamini gundi ya kiwandani, hasa kwenye ukuta unaobeba mota. Ubonyeze kwa kidole gumba. Ukisikia mlio, ongeza epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, pembeni zote. Halafu vuta kila bawaba ya aileroni (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege ubavu), ya eleveta (kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua) na ya usukani wa mkia kwa nguvu ya mkono. Bora ikung'oke mezani.

Namba mbili ni seti ya kujenga mwenyewe tangu vipande. Kusema kweli moyo wangu uko hapa, na nimeishusha kwa sababu moja tu: aliyekaa miezi miwili akibandika ubavu mmoja baada ya mwingine huishika rimoti mikono ikitetemeka, na mikono inayotetemeka haitui ndege. Ukiwa na mwalimu wa kusimama naye uwanjani, ipandishe iwe namba moja. Aliyejenga anajua kila fito ilipo, hata ndege ikivunjika hababaiki. Nunua iliyokatwa kwa leza. Seti za zamani zilizokatwa kwa kugongwa na kisu cha mashine huja na kingo zilizopondeka, na mbao iliyopondeka haikutani vizuri na mwenzake. Uliza pia kisichokuwamo ndani ya boksi: mara nyingi plastiki ya kufunikia, gundi, magurudumu na fito za kuendeshea mkia hununuliwa kando, na hapo bei iliyoonekana ndogo inaanza kunenepa. Utahitaji ubao ulionyooka kabisa wa kujengea. Bawa lililojengwa juu ya meza iliyopinda litapinda, na ndege hiyo itavuta upande mmoja maisha yake yote.

Namba tatu ni ndege kubwa za mafunzo zilizobuniwa kwa injini za sentimita za ujazo 6.5 hadi 7.5. Huwa na bawa la mita moja na nusu na ushei, na uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Zinatulia kwenye upepo kuliko ndogo, na macho huziona kwa mbali. Ila zinataka uwanja wa kweli, gari la kuzibebea, na mwanya mrefu wa kutua.

Iliyotumika naiweka ya nne. Bei huvutia, lakini ishikeshike sehemu ya pua yake kwanza. Kama iliwahi kubeba injini ya mafuta na mbao imelowa oili, gundi haitashika hapo kamwe. Tazama bawa kwa nyuma, jicho likiwa sawa na ukingo. Ukiona limejipinda, rudisha. Rimoti ya zamani ya masafa ya MHz 35 au 72 inayotolewa kama bakshishi, ipokee kwa shukrani na kuiweka kabatini.

Mwisho kabisa, ndege za kivita na zile za bawa la chini. Hizi usinunue sasa. Bawa linaloishia na ncha nyembamba, mwendo ukipungua, hupoteza mnyanyuo nchani kwanza. Upande mmoja unaanguka ghafla, na mara nyingi jambo hilo hutokea ndege ikiwa chini inakaribia kutua, pasipo nafasi ya kuokoa kitu.

Nguvu: umeme kwanza, na hesabu yake

Kwa ndege ya kwanza ninachagua mota ya umeme, na sibishani sana. Inawaka ukisukuma kijiti, haizimiki angani kwa sindano ya mafuta iliyokaa vibaya, na ndege hubaki safi. Tatizo ni kwamba watu hununua mota kwa sura. Fanya hesabu.

Ndege ya mafunzo inayopaa kutoka kwenye majani huridhika na wati 150 hadi 200 kwa kila kilo ya uzito wake, betri ikiwemo. Tuseme yako ni kilo 1.3. Mara 200, unapata wati 260. Betri ya LiPo (lithiamu-polima) ya seli tatu ina volti 11.1, kwa kuwa kila seli ni 3.7. Gawa 260 kwa 11.1: ampia 23 na kitu. Basi kidhibiti kasi kiwe cha ampia 40, kipate nafasi ya kupumua. Betri ya mAh 2,200 (ampia 2.2 kwa saa moja) yenye alama ya 25C (yaani mara 25 ya hizo) inaweza kutoa ampia 55, mara mbili ya unachohitaji, kwa hiyo usilipie namba kubwa zaidi ya hiyo. Ukiruka kwa wastani wa ampia 12 na kuacha asilimia 20 ndani ya betri, utapata dakika nane na zaidi kidogo. Weka saa ya rimoti ilie kwenye dakika ya sita. Kutua kwa mara ya kwanza huchukua majaribio matatu.

Alama ya KV kwenye mota watu huifasiri kama nguvu. Siyo. Ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti, mota ikiwa haina mzigo: ya KV 1,000 kwa volti 11.1 itazunguka kama mara 11,100. KV ndogo huendesha propela kubwa polepole, KV kubwa huendesha ndogo kwa kasi. Kwa mafunzo tunataka ile ya kwanza, na propela kama 10×5, yaani urefu wa inchi 10 kutoka ncha hadi ncha na hatua ya inchi 5 kwa kila mzunguko. Usibadilishe propela kwa kubahatisha. Kama mizunguko ingebaki ileile, kutoka inchi 10 hadi 11 kungeongeza mzigo kwa karibu nusu. Kipimo kidogo cha wati, kinachochomekwa kati ya betri na kidhibiti, kimeokoa mota nyingi kuliko ushauri wa wazee wa uwanjani, nami nikiwemo.

Kwenye chaja usibane pesa. Rahisi huvunja upishi, na hapa inaweza kuchoma hata jiko. Chaja iwe ya kusawazisha seli, ijaze betri hiyo kwa ampia 2.2, iishie volti 4.2 kwa seli, na iwe na mpangilio wa kuhifadhi unaoiacha kwenye 3.8. Usiiache ichaji peke yake. Betri iliyovimba imekwisha kazi, hata kama bado inazungusha mota. Na wakati wa kuseti rimoti mezani, propela iwe imevuliwa. Mota ya umeme haitoi onyo kabla ya kukata kidole.

Injini ya methanoli naiweka ya pili. Mafuta yake ni methanoli, oili, na nitromethani ya asilimia 5 hadi 15. Sauti na harufu yake zina wapenzi wake, na kweli ukiwa na dumu moja unaruka kutwa bila kusubiri chaji. Lakini ongeza kwenye bei betri ya volti 1.5 ya kuwashia plagi, pampu ya mafuta, kifaa cha kuzungushia, na siku nzima ya kuizoeza injini mpya. Methanoli ni sumu, na moto wake mchana karibu hauonekani. Injini za petroli ziache. Mtetemo na uzito wake si wa ndege ya kwanza.

Rimoti, sevo, gundi

Chaneli nne ndizo za chini kabisa: mota, eleveta, usukani, aileroni. Nunua sita, ya 2.4 GHz, yenye kumbukumbu ya ndege kadhaa na uwezo wa kuunganishwa na rimoti ya mwalimu. Muulize kwanza mwalimu kijiti cha mota anakiweka mkono gani, maana kuhama baadaye ni kama kujifunza upya. Risiva, kile kipokezi kinachokaa ndani ya ndege, lazima ielewane na rimoti. Kampuni nyingi hutumia lugha zao zenyewe. Sevo za gramu 9 zinatosha ndege ndogo. Ile ya namba tatu inataka za gramu 40 hivi. Kwa gundi, supa gluu nyepesi kwenye bawaba, na epoksi ya dakika 30 kwenye maungio ya bawa. Ya dakika 5 huganda kabla hujanyoosha.

Ndege yangu ya kwanza nilifuata maelekezo yote ila ukurasa wa mizani, nikaona inatosha kwa macho. Mkia ulikuwa mzito. Ilipaa, ikainua pua, ikaendelea kuinua pua huku nikisukuma kijiti hadi mwisho, kisha ikarudi chini kwa mkia. Kitovu cha uzito kikae kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele: bawa la milimita 240 ni kati ya milimita 60 na 80, na kwa mara ya kwanza chagua 60. Sogeza betri mbele kabla ya kufikiria kuongeza kipande cha madini ya risasi puani. Halafu simama nyuma ya ndege, peleka kijiti kulia: aileroni ya kulia lazima ipande. Ikishuka, geuza kwenye rimoti hapohapo.

Na ukiwa bado dukani, chukua propela tatu za akiba.