Uzoefu wangu: miaka miwili na nusu ya darasa la jioni la CPA, nikianza na miaka 37

Nilimaliza stashahada ya uhasibu mwaka 2009. Nikaajiriwa ukarani wa malipo kwenye kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam, na kiti hicho nikakikalia miaka 12. Vijana wenye CPA(T), yaani cheti cha mhasibu aliyefaulu mitihani ya bodi, walikuwa wanakuja, nawaonyesha mafaili yanakaa wapi na mteja gani halipi mpaka asukumwe, miezi sita baadaye wao ndio wanaosaini kazi zangu. Mwisho wa 2021 ikatoka nafasi ya mhasibu humo humo ndani, nikaenda kwa bosi kuiomba. Akaniambia kwa upole, "Dada, kazi unaijua, lakini karatasi huna." Januari 2022 nikajiandikisha darasa la jioni la kujiandaa na mitihani ya bodi.

Bodi ninayoisema ni NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Ndiyo inayotahini na kusajili wahasibu, na mitihani yake ni mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Mwenye shahada ya uhasibu anaruka ngazi ya msingi na kuingia ya kati moja kwa moja. Mimi wa stashahada nilianzia chini. Utafundishwa na nani, hiyo ni juu yako. Wapo wanaojisomea nyumbani wakafaulu vizuri. Mimi nililipia kituo kimoja maeneo ya Posta, na hicho ndicho ninachokielezea.

Ada ilikuwa shilingi 150,000 kwa somo kwa msimu, inalipwa kwa awamu mbili. Jumatatu hadi Alhamisi tulianza saa 11:30 jioni mpaka saa 2:00 usiku, Jumamosi kutwa. Chumba cha kawaida, feni mbili, viti vya plastiki. Mtihani ukikaribia tulifika watu zaidi ya 40, ukichelewa unakaa mlangoni. Hayo yanavumilika.

Kilichofanya nione pesa yangu haikupotea ni kusahihishiwa. Kila Jumamosi mwalimu wa uhasibu wa fedha alitupa swali moja refu, tunaliandika kwa mkono dakika 45, kimya, anakusanya. Jumatatu karatasi inarudi na wino mwekundu: umepotelea mstari huu, hapa umechanganya wadai na wadaiwa, hapa jibu ni sahihi lakini hukuonyesha ulikolitoa na msahihishaji hatakupa alama. Madesa yamejaa kila kona, na bodi yenyewe inachapisha mitihani iliyopita pamoja na majibu yake, kwa hiyo notsi si kitu cha kutolea laki na nusu. Mtu wa kukaa na karatasi yako yenye makosa yako, huyo ni adimu na ndiye wa kulipiwa.

Kuna jioni moja sitaisahau. Somo lilikuwa taarifa ya mtiririko wa fedha, ile inayoonyesha hela zilivyoingia na kutoka. Niseme kwanza kwamba kazini kwetu, kila hesabu za mwaka zikifungwa, bosi huuliza swali lile lile: "Mnaniambia tumepata faida, mbona benki hamna kitu?" Na idara nzima tunainamisha vichwa.

Mwalimu akaandika ubaoni faida ya shilingi milioni 14. Akasema kampuni hii ina gari la mizigo lililonunuliwa kwa milioni 60, litatumika miaka mitano na likichoka litauzwa milioni 10. Uchakavu wake, yaani thamani inayopungua, ni milioni 10 kila mwaka, na umeshatolewa kwenye faida. Akanigeukia: "Mama, hiyo milioni kumi ya mwaka huu alilipwa nani?" Nikafikiri. Hakuna aliyelipwa. Gari lilishalipiwa siku lilipoingia getini. "Basi irudishe." Milioni 14 ikawa 24. Wadaiwa wameongezeka kwa milioni 9, yaani mzigo umeuzwa, faida imeandikwa, hela bado ziko mifukoni mwa wateja: toa, zikabaki 15. Stoo imeongezeka bidhaa za milioni 6: toa, 9. Wadai, wale wanaoidai kampuni, wamelipwa milioni 4 za deni lao: toa. Zikabaki milioni 5.

Faida 14, fedha 5. Nilibaki nautazama ubao, maana kampuni yetu ilikuwa pale yote: saruji na nondo zimejaa stoo hadi mlangoni, mafundi wamechukua mabati kwa mkopo nao wanasubiri wenye nyumba wawalipe. Miaka 12 nilikuwa naziingiza namba hizo moja moja kila siku, na sikuwahi kuziona zimekaa mahali pamoja. Usiku ule nilipitiliza kituo cha daladala pale Tabata, kichwa bado kiko darasani.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba mtu mzima haingii darasani mikono mitupu. Kijana aliyekuwa anakaa pembeni yangu, wa miaka 23, alikuwa anakokotoa haraka kuliko mimi, lakini ndiye aliyeniuliza kwa nini mtu mwenye duka akubali kukopesha. Tukawa tunafundishana. Nilimweleza ankara inavyosafiri kutoka stoo hadi kwa mteja na kurudi kwa mhasibu, yeye akanishika mkono kwenye takwimu. Somo hilo la takwimu nililifeli Mei 2022, nikalirudia na kulifaulu Novemba, na namshukuru mpaka leo.

Jambo jingine ambalo sikuambiwa na mtu ni mkono. Mimi ni wa Excel, kalamu nashika kusaini tu. Kwenye mtihani unaandika saa tatu mfululizo, unachora safu, unajumlisha, unafuta. Mtihani wangu wa kwanza, saa ya pili vidole vilikakamaa nikaacha swali la alama nyingi nikiwa nalijua. Kama unarudi shule baada ya miaka mingi, anza kuandika kwa mkono miezi miwili kabla, kila siku ukurasa mmoja, hata kama unanakili mizania ya mtu mwingine.

Sasa upande wa kodi. Hapa nilisononeka, na nasema wazi kwa sababu ni hela ya watu wenye majukumu. Msimu wa Novemba 2023 mwalimu wa kodi hakutokea Alhamisi tatu, na hatukufidiwa. Tulipouliza tukaambiwa ada hairudishwi. Baya zaidi ni notsi alizotugawia. Ziliandika tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, kuwa asilimia 4 ya mishahara, ilhali Julai 2023 ilikuwa imeshashushwa hadi asilimia 3.5. Mimi nilijua kwa kuwa mishahara ya kampuni inapita mezani kwangu. Je, yule aliyetoka moja kwa moja chuoni angejuaje? Somo la kodi hubadilika kila Sheria ya Fedha inapopitishwa, na desa la mwaka jana linaweza kukuangusha. Kabla ya kulipa, omba uonyeshwe notsi za kodi, tazama mwaka. Na muulize mwanafunzi wa zamani kama karatasi zinasahihishwa, usiwaulize wa mapokezi.

Nyumbani, mume wangu alishika usiku wa watoto: chakula, madaftari, kulala. Bila yeye nisingemaliza hata msimu mmoja.

Ngazi ya kati niliikamilisha Mei 2024. Agosti nikapewa barua ya kuwa mhasibu, na hesabu za mwaka zilipofungwa sikusubiri swali la bosi. Nilimwandalia ukurasa mmoja, faida juu, salio la benki chini, katikati kila shilingi ilikokwenda. Akausoma mara mbili, akaomba orodha ya wadaiwa. Sasa hivi fundi mwenye deni la zaidi ya siku 60 hapakiwi mzigo mpaka apunguze.

Nimeshajiandikisha tena kwa ngazi ya mwisho, kituo kile kile, lakini masomo mawili tu, ya Jumamosi, ambayo najua karatasi zinarudi na wino mwekundu. Kodi najisomea mwenyewe alfajiri kabla watoto hawajaamka, Sheria ya Fedha ya mwaka huu ikiwa mezani.