Tangi la kioo la lita 100 kwa nyasi bahari za shule: zuri, taa ndiyo dhaifu

Kwa wanafunzi wa Mombasa wanaootesha nyasi bahari za kurudishwa baharini Nyali, tangi hili linafaa. Kioo kimeungwa imara, pampu ya hewa haisumbui darasa. Taa ndiyo dhaifu: nyasi hizi zinataka mwanga mwingi, kwa hiyo lisogezeni penye jua la asubuhi, la mchana hupasha maji kupita kiasi. Tandazeni mchanga wa bahari sentimita 10, mfukie shina tambazi lenye ncha changa, kwani lililokatwa ncha hurefuka kwa shida. Maji yakipungua, ongezeni maji yasiyo na chumvi yaliyolala wazi usiku kucha, si ya bahari: mvuke huondoka, chumvi hubaki. Mbolea msitie kabisa, mwani utafunika majani yote.