Taa ya winta: kabla hujatoa dola zako, uliza inchi ngapi

Mwaka juzi mwezi wa kumi na moja nilinunua taa ya winta, ile taa kali ya kutibu huzuni na uchovu unaotushika huku Marekani kipindi cha baridi na kiza, dola 35, ndogo kama tableti, na juu ya boksi wameandika LUKSI 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaokufikia) kwa herufi za kusomeka toka ng'ambo ya barabara. Wiki sita nzima naiwasha kila asubuhi nikinywa chai, na wiki sita hizo hizo nalala kama gunia, nabugia mkate kama nimetumwa, mume wangu akiniuliza kitu namjibu neno moja. Nikasema basi, haya mambo si yetu, mimi mtu wa Mombasa taa itanifaa nini.

Sasa siku moja natafuta risiti nikakuta kile kikaratasi cha maelezo kimekunjwakunjwa chini ya boksi, maandishi madogo kama mayai ya chawa: luksi 10,000 kwa umbali wa inchi 6. Inchi sita jamani! Hiyo ni sentimita 15, yaani pua yako inaigusa taa. Mimi nilikuwa nimeiweka kule upande wa pili wa meza, karibu na chupa ya chai. Nikachukua simu ya kijana wangu, nikashusha programu ya kupima mwanga, nikaishika pale uso wangu unapokuwa. Luksi 700 na kitu. Nikazima ile taa, balbu ya jikoni peke yake ikanipa karibu 300.

Kwa hiyo wakikwambia luksi 10,000 bila kutaja umbali, hawajakwambia chochote. Mwanga unatawanyika, ukiisogeza taa ndogo mbali mara mbili unabaki na kama robo tu. Na dozi inayotajwa na madaktari ni luksi 10,000 kama nusu saa, mapema asubuhi ukishaamka, sasa wewe unapata 700 unafikiri umetibiwa. Mambo mengine sijui rangi, sijui taima, sijui inachajiwa kwa yuesibii, siyajali kabisa na sitayaandika hapa.

Halafu wale wanaosema huzuni hii ya winta ni uvivu tu wa waliokuja juzi, wasikie hili. Hapa Minneapolis Disemba jua linazama saa kumi na nusu jioni na mchana wote haufiki masaa tisa, mtu kwao magharibi ni saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, mwili utaacha kushtuka? Hata daktari aliyeupa ugonjwa huu jina la SAD (seasonal affective disorder), Norman Rosenthal, katoka Johannesburg, akahamia New York 1976, winta ikampiga yeye mwenyewe, na 1984 yeye na wenzake wakaandika ripoti yao. Si mambo ya kudeka.

Haya, namba moja yangu, na wala sijifichi, ni Carex Day-Light Classic Plus. Ni libabu la taa, kioo chake inchi 15 na nusu kwa 13 na nusu, ukiliweka mezani sahani zinakosa pa kukaa. Lakini linakupa luksi 10,000 kwa inchi 12, na uso wake ni mpana, kwa hiyo ukijisogeza kidogo kuchukua andazi bado umo ndani ya mwanga. Tena lina miguu mirefu, unaliinamisha mwanga uje kutoka juu kama unavyokuja mchana, hauchomi macho. Mionzi ya UV imechujwa, ndiyo maana pia halikupi vitamini D, dada zangu msichanganye, hivyo vidonge ni habari nyingine. Mimi nalikalia saa kumi na moja alfajiri kabla ya shifti, siliangalii moja kwa moja, nakula tu. Siku ya tano au ya sita hivi nikajikuta naimba nikiosha vyombo.

Namba mbili ni bure: toka nje. Hata mbingu ikiwa imefunga mawingu, nje mchana unapata luksi maelfu, na jua kali linafika 100,000, hakuna taa ya kushindana nalo. Ningeiweka ya kwanza, ila mimi naingia kazini kiza na Disemba jua lenyewe huku linachomoza karibu saa mbili kasorobo, basi natoka na jaketi wakati wa breki, wazungu wananishangaa nimesimama paking naangalia juu kama kuku anayekunywa maji.

Namba tatu saa za kuamsha zinazoiga alfajiri, kama zile za Philips. Nzuri, unaamka bila kutukana, ila mwanga wake ni mamia ya luksi tu, nazihesabu ni msaidizi.

Vidogo vya dola 20, 30? Ukiweza kukaa nusu saa na pua kwenye taa, nunua.

Mwenye baipola (ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), mwenye matatizo ya macho, au anayemeza dawa zinazofanya ngozi au macho yasipende mwanga, aanze kwa daktari. Na usiwashe usiku, utakesha.

Sasa wauzaji. Nilipopeleka malalamiko ya kile kidogo nikaambiwa siku 30 zimepita, kana kwamba winta inaisha kwa siku 30. Na hao hao, saa zikirudishwa nyuma tu Novemba, bei zinapanda, wanajua tumeshaanza kulia. Lile kubwa linapita dola 100, sisemi ni rahisi, kwa hiyo linunue Julai wakati hakuna anayelikumbuka, na kama kazini una kadi ya HSA (ile akiba ya matibabu isiyokatwa kodi) uliza kama inakubali. Yuko na mama mmoja kwenye grupu letu la watsapu anauza vile vidogo dola 60, nimemuuliza inchi ngapi mara tatu, ananitumia emoji ya jua.

Changu sikukitupa. Nimekiweka dirishani juu ya kopo la mchicha, na mchicha wenyewe umepinda shingo kukifuata, umeshafika inchi nne.