Mbavu za kuchoma nyumbani: ununue zipi buchani

Ukimwambia muuza bucha "nipimie mbavu kilo mbili" bila kusema zaidi, umempa ruhusa ya kukupimia chochote kilichobaki kwenye ndoano. Halafu saa kumi jioni wageni wamekaa, kachumbari imeshaanza kutoa maji, na wewe unapepea jiko huku nyama ikikutazama tu.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye jiko la mkaa la kawaida na wavu, anayechomea uani au barazani. Kipimo changu ni kimoja: mbavu ziive na kulainika kabla debe la mkaa halijaisha. Ladha naiweka ya pili, maana mbavu ngumu hazina ladha hata uzipake nini.

Namba 1: mbuzi

Hapa sina ubishi. Ila awe mbuzi mdogo, na bora zaidi aliyehasiwa, yule anayenoneshwa kwa ajili ya ndafu ya harusi. Ubavu wake ni mwembamba, una mafuta kidogo kwa nje, na ukikatwa vipande vya mifupa mitatu mitatu unaiva kwa dakika 40 hadi 50 juu ya makaa yaliyokwisha kufunikwa na majivu. Chumvi na ndimu vinatosha.

Namna ya kumtambua: nyama yake ni nyekundu ya kupauka, mafuta meupe, na mfupa wa ubavu unapinda kidogo ukiubonyeza kwa kidole gumba. Nyama iliyokolea rangi kuelekea kahawia na mfupa mgumu kama kijiti kikavu ni mbuzi aliyezeeka. Huyo mpeleke kwenye supu. Usione haya kuinusa. Beberu ana harufu yake kwenye mafuta, na harufu hiyo ukiipeleka motoni inaongezeka, ndimu haiiwezi.

Angalia na mkia, usije ukauziwa kondoo kwa jina la mbuzi. Mabucha mengi huuacha kwenye mzoga kwa sababu hii hii: wa mbuzi ni mfupi na mwembamba, wa kondoo wetu umejaa mafuta. Mkia ukiwa umeshakatwa, uliza umekwenda wapi.

Namba 2: nguruwe, kwa wanaomla

Wamarekani wanaposema mbavu za kuchoma, mara nyingi wanamaanisha hizi. Memphis wanajulikana kwa kuzipaka viungo vikavu, Kansas City kwa sosi nzito ya nyanya yenye utamu. Zimepata sifa kwa haki, kwani zina mafuta katikati ya nyama na hazikauki upesi.

Ziko za aina mbili kwenye mzoga mmoja. Za karibu na uti wa mgongo ni fupi, zimejikunja, zina nyama laini na huwahi kuiva. Za kuelekea tumboni ni ndefu, bapa, zina mafuta zaidi na gegedu mwishoni. Mimi huchukua za tumboni, kwa moto mdogo wa saa mbili, jiko likiwa limefunikwa kwa sufuria kubwa. Upande wa ndani kuna utando mwembamba unaong'aa: uinue kwa ncha ya kisu, ushike kwa kitambaa kikavu, uvute. Ukiuacha, unakuwa kama mfuko wa nailoni mdomoni.

Nunua tu penye muhuri wa mkaguzi wa nyama. Ukiona vijifuko vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama, hao ni tegu, ondoka. Na kama kuna mgeni Mwislamu, wavu wake uwe mwingine kabisa.

Namba 3: kondoo

Tamu, lakini mafuta yake yanadondoka kwenye makaa, moto unalipuka, na nje inaungua wakati ndani bado. Ukiwa mtu wa kusimama jikoni na kikombe cha maji cha kunyunyizia, chukua. Uzile zikiwa za moto, zikipoa mafuta yanaganda kwenye kaakaa.

Namba 4: ng'ombe

Najua hapa nitagombana na watu. Mbavu za ng'ombe zinavutia macho, na kwenye mizani ndipo unapoumia. Nilinunua kilo 2 siku moja, tulipomaliza kula nikapima mifupa kwa udadisi: gramu 900 na kitu. Hiyo ndiyo siku wageni walikula ndizi za kuchoma na kachumbari hadi saa mbili usiku, maana nilizitupa motoni mbichi nikidhani ukubwa wa moto ndio utazilainisha. Zilibadilika rangi tu.

Nyama ya ubavu wa ng'ombe imefungwa na nyuzi zinazoyeyuka polepole. Haraka haisaidii, inazikaza. Ukitaka hizi, zichemshe kwanza kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, saa moja na nusu au zaidi, mpaka nyama ianze kurudi nyuma kwenye mfupa. Ndipo uzipeleke kwenye wavu dakika 15 zipate moshi. Supu inayobaki usiimwage.

Namba 5: za pakiti, zilizogandishwa na kupakwa sosi

Unalipia barafu na sukari. Nasonga mbele.

Kitu kimoja kinachopita hata aina ya mnyama ni namna zinavyokatwa. Shoka kwenye gogo huvunja mfupa, na vipande vyake vidogo hujificha ndani ya nyama. Mwanangu alishawahi kuuma kimoja, tukala kwa woga siku hiyo nzima. Tafuta bucha lenye msumeno. Kama hawana, mwambie, "Kaka, usizikate, pitisha kisu katikati ya mbavu tu," halafu utatenganisha mwenyewe ukizitoa motoni.

Sosi yenye asali au sukari ipake dakika 10 za mwisho, si kabla. Kwa watu wanne wenye ugali, kilo 2 za mbuzi zinatosha. Za ng'ombe piga 3. Na nenda asubuhi: mbuzi anapofika saa moja, saa nne mbavu zimeshachukuliwa na wenye mabanda ya kuchoma.