Moto ya motere: ununue nini kwanza kama gari yako ya mbio iko Lubumbashi

Mutu akiisha kuongeza presha ya turbo kwa Subaru WRX ama Chaser yake, kitu anakimbilia ni interkula kubwa ya mbele (ile radiatere ya kupoza hewa yenye inatoka mu turbo), ile inaonekana mu kalandre. Mimi nasema hapana, mu listi yangu ya vitu vya kupoza motere hiyo iko namba tano, kuko vitu vingine vinatangulia na vingi havina bei kali.

Huku kwetu motere inateswa zaidi. Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Matadi ama Dar, kwa hiyo turbo inazunguka sana juu itoe presha ileile na hewa inatoka mule na moto zaidi, halafu hiyo hewa nyepesi inabeba moto kidogo tu wakati inapita mu radiatere. Mayi yenyewe mu sufuria inatokota kwa digri kama 96. Ongeza jua ya mwezi wa tisa na wa kumi, vumbi nyekundu, na kusimama nyuma ya makamyo njia ya Kasumbalesa.

Mbele ya kutoa franga, hakikisha reglaje ya motere. Kama turbo inasukuma sana na esansi haitoshi, ama moto ya buji inachelewa, hakuna radiatere ya dunia hii itaponya hiyo gari. Na ukiona mayi inatoa mapovu bila kuisha mu shupa yake, joen de kilase (ile ya kuziba kati ya kichwa cha motere na bloku) inaweza kuwa imeisha, anzia pale.

Sasa namba moja yangu: manometa ya kweli, ya mayi na ya mafuta ya motere, yenye kuandika digri. Sindano ya kiwandani mu gari nyingi inakaa katikati hata moto ikipanda kiasi, ikianza kusogea wewe umeisha kuchelewa. Na namba njo inakuambia ununue nini baadaye: moto ikipanda wakati umesimama mu ambuteyaje, tafuta shida kwa vantilatere na kwa njia ya hewa, ikipanda wakati unafungulia gari kwenda Likasi, radiatere ni ndogo ama imeziba, ama mayi haizunguki vizuri.

Namba mbili ni vitu vidogo, nitakaa hapa kidogo juu ndiyo vinaokoa gari nyingi na batu banavizarau. Bushoni ya radiatere: mupya, ya 1.1 bar, kwa presha hiyo hata mayi tupu haitatokota mupaka karibu digri 120. Ile ya 1.3 ni nzuri lakini usiiweke juu ya radiatere ya zamani yenye vichwa vya plastiki na tuyo zilizochoka, itapasua. Mayi: ile mchanganyiko wa nusu mayi nusu antijeli (dawa ya kuzuia mayi isigande) ni ya inchi za baridi kali, sisi hapa hatuna barafu, weka mayi distile na antijeli kama asilimia 30, mayi inabeba moto kushinda antijeli, lakini usiache mayi ya robine peke yake, itakula aluminiumu na kuacha magamba ndani. Halafu termosta, kile kifaa cha kufungulia mayi njia ya radiatere wakati motere inapata moto. Wandugu makanisie, naomba munisikilize, muache kuitoa! Mu motere kama EJ ya Subaru ama JZ ya Toyota termosta ikifunguka inafunga pia njia ya mukato (ile fupi yenye haipite mu radiatere), ukiitoa, sehemu ya mayi inarudi mu motere bila kupita mu radiatere, na asubui ya mwezi wa sita motere inakawia kupata moto yake ya kazi. Ile ya kufunguka mapema nayo haiongeze nguvu ya kupoza, inaanza tu mapema. Nunua ya aina ileile ya kiwanda, mupya.

Mu hiyohiyo namba mbili naweka karatasi ngumu na sponji za kuziba kandokando ya radiatere, na kava nzima ya vantilatere. Hewa inapenda njia nyepesi, ukiiachia tundu itapita kando na radiatere itabaki inaangalia. Fundi wa bati anaweza kukutengenezea. Lakini ile mutindo ya kuinua kapo kwa nyuma na rondela siipendi: pale chini ya pare-brise presha ya hewa inakuwa kubwa gari ikikimbia, hewa inaweza kuingia pahali pa kutoka. Tundu za kapo ziwe mbele, karibu nyuma ya radiatere.

Namba tatu njo radiatere ya aluminiumu. Kwa gari ya mujini nachagua ile ya unene wa milimetre 36 mupaka 42 hivi, ile nene sana inataka vantilatere yenye nguvu, ukiwa polepole hewa haipite. Angalia sudire, na mbele ya kulipa omba baijaze hewa ndani ya mayi muone kama inavuja. Ya okazioni? Hapana, hauoni kilicho ndani.

Namba ine, radiatere ya mafuta, kama unakimbia kwa muda mrefu. Ikuwe na termosta yake, juu mafuta yenye baridi sana nayo ni mubaya. Mafuta ikikaa kati ya 90 na 110 uko salama, ikikaribia 130 punguza mwendo, endesha polepole ipoe, usizime motere palepale, mafuta itaungua ndani ya turbo.

Halafu interkula. Ile ya juu ya motere ya Subaru inameza moto yote ukisimama, ni kweli, lakini ya mbele nayo inapokonya radiatere hewa yake. Kama unaichukua, ile ya matuyo na mabawa ni nyepesi na inapitisha hewa vizuri. Ile ya vyuma bapa inavumilia moto zaidi lakini inazibia radiatere hewa. Ndiyo maana nasema radiatere kwanza.

Ya mwisho ni blanketi ya turbo na ile bandeji ya eshapma. Blanketi sawa, inasaidia sana tuyo na waya za karibu. Bandeji, angalia: mvua ikianza mwezi wa kumi na moja inashika unyevu na chuma ya kawaida inaoza chini yake, na ikilowa mafuta ya motere inaweza kuwaka. Ukiiona imelowa mafuta, itoe siku hiyohiyo, utafute kwanza mafuta inavuja wapi.