TAHADHARI: Thamostati inazimika na kuwaka yenyewe? Usikubali kuuziwa bodi ya fanesi

Ndugu zangu mlioko Minnesota, hasa mlionunua nyumba karibuni, someni hili kabla baridi haijakaza. Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu yetu ya Wakenya, Watanzania na Wakongo akiuza thamostati za Nest za Google, zile za mviringo za ukutani za kupanga joto la nyumba hata kwa simu, kwa bei ya kutupa, na anakufungia bure. Kiswahili chake safi, ana adabu, wazee anawaamkia. Jina simtaji, maana watu wakishtuka tu anabadilisha jina na namba. Mbinu ndiyo haibadiliki.

Anafunga kifaa kwa nyaya zilezile nne alizozikuta ukutani, anachukua hela yake, anaondoka. Kinafanya kazi vizuri kwa muda. Halafu kinaanza kuzimika na kuwaka chenyewe, Wi-Fi inakatika, usiku mnaamka nyumba imepoa. Ukimpigia anakuja haraka ajabu, na hapo ndipo biashara yenyewe inapoanza. Anafungua mlango wa fanesi (mashine ya kupasha joto nyumba nzima) kule besimenti, anakuonyesha kitaa kidogo kinachomwekamweka kwenye bodi ya umeme inayoiendesha, anatikisa kichwa: "Mama, bodi imekufa hii." Anataka malipo ya awali kwa Zelle (kutuma hela moja kwa moja toka benki yako kwenda yake), leo hii, eti bodi imebaki moja. Dada mmoja wa Brooklyn Park alitoa dola 650. Bodi haikuja, na simu haipokelewi. Wengine wamefungiwa bodi kuukuu, na thamostati ikaendelea na mchezo wake uleule.

Kile kitaa sasa. Kwenye fanesi nyingi kinamweka hata pale ambapo hakuna tatizo lolote. Maana ya kila mtindo wa kumweka imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa upande wa ndani wa mlango wa fanesi. Mwombe akusomee pale pale, uone uso wake.

Mimi kazi yangu ni matengenezo ya majengo, na thamostati inayojizima hivi mara nyingi inalalamikia njaa ya umeme. Inatumia volti 24 kutoka transfoma iliyo ndani ya fanesi. Waya wa R unaleta umeme, W unaitisha joto, Y ubaridi, G feni, na C ndio unaokamilisha mzunguko ili kifaa kipate umeme saa zote. Nyumba nyingi za zamani hazina C kwa sababu thamostati za zamani hazikuihitaji. Nest isiyo na C huchaji betri yake kwa kudokoa umeme kwenye nyaya za joto na ubaridi. Kuna nyumba ambako kudokoa huko kunatosha. Kwingine betri inaisha, kifaa kinazimika, kinachaji kidogo, kinawaka, kinazimika tena. Yeye analijua hilo, ndiyo maana haungi C hata pale ambapo waya upo.

Na mara nyingi upo. Zima breka ya fanesi, vuta thamostati itoke kwenye kitako chake, uangalie herufi C kama ina waya. Fuata herufi, rangi zinadanganya. Chungulia ndani ya ukuta: huenda kuna waya wa tano umekunjwa nyuma haujaungwa popote. Huo unaweza kuwa C, ukiungwa huku na kwenye bodi kule chini. Usipokuwepo, Google wanauza kiunganishi chao cha umeme cha Nest, na thamostati nyingi za kampuni ya ecobee huja na chao ndani ya boksi. Lakini ukikuta nyaya mbili nene zenye vifuniko vya kusokota, hiyo huenda ni hita ya umeme ya volti 120 au 240. Usiguse kabisa, na thamostati hizi haziwekwi hapo.

Angalia pia filta kama imeziba, mlango wa fanesi kama umefungwa sawasawa (una swichi inayokata umeme), na fyuzi ndogo kwenye bodi, kama ile ya gari: ya zambarau ni ampea 3, ya kahawia hafifu ni 5. Kama bado unayo thamostati yako ya zamani, irudishe. Fanesi ikiwaka na kuzima kama kawaida siku nzima, bodi iliyokufa ni ipi tena?

Kuna na hili la pili. Baadhi ya hizo "mpya" zake ni Nest za kizazi cha kwanza na cha pili, za 2011 na 2012. Google iliacha kuzihudumia tarehe 25 Oktoba 2025. Ukutani bado zinawasha joto, lakini huziongozi tena kwa simu, na simu ndiyo uliyolipia. Kabla hujatoa hela, geuza kifaa usome namba ya S/N: ikianza na 01 au 02, mrudishie.

Akikutisha kwa habari za gesi ya sumu, jua kwamba king'ora cha kaboni monoksaidi kikilia mnatoka nje wote na kupiga 911. Hakuna gesi inayotibiwa kwa Zelle. Hela ukishaituma mwenyewe kwa njia hiyo, benki mara nyingi hairudishi. Kadi ya krediti angalau unaweza kupinga malipo. Na kama alikuja kurekebisha thamostati akaishia kukusainisha fanesi nzima sebuleni kwako, sheria ya FTC (tume ya serikali kuu inayolinda wanunuzi) inakupa hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi kufuta mkataba wa kile cha ziada. Jumamosi inahesabika, Jumapili haihesabiki. Futa kwa maandishi.

Waliolizwa, ripotini ReportFraud.ftc.gov na kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Mwenye risiti ya Zelle, picha ya bodi aliyofungiwa au meseji zake anitumie inboksi; tunazikusanya tupeleke malalamiko kwa pamoja. Msizifute meseji hizo, hata zile za matusi.